Kabla ya kulipia kiwanja, pima ulalo

Msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia: anauziwa kiwanja ambacho upande mrefu umejaa mianzi ya ulanzi, tepu haipiti. Aamini tu maneno ya dalali? Hapana, ndugu yangu. Mimi yalinikuta hayohayo Uyole, hapa Mbeya.

Niliambiwa kiwanja ni mita 12 kwa 20, yaani mita za mraba 240. Upande wa 12 ulikuwa wazi, nikaupima, kweli. Ule mrefu ulifunikwa na michongoma. Nikavuta tepu katikati ya mabua ya mahindi, kutoka kona hadi kona ya mkabala, yaani ulalo: mita 20. Ulalo wa pili nao 20. Dalali akashangilia, "Si nilikuambia ishirini, dada!" Nikamjibu, kaka yangu, ishirini hiyo ni ulalo, na ulalo wa mstatili lazima uzidi kila upande. Ishirini mara ishirini ni 400. Toa 12 mara 12, yaani 144, zinabaki 256. Kipeuo chake cha pili ni 16, maana 16 mara 16 ni 256. Kwa hiyo kiwanja ni 12 kwa 16, mita za mraba 192. Pungufu ni 48, vyumba vitatu vya kulala hivyo! Bei ikashuka palepale, na mwezi huu nimemaliza kupaua.

Nasema kwa fahari, maana kuna mwalimu aliyewahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba hesabu si za wasichana wa kijijini. Hadi leo linaniuma. Hesabu niliyopiga ni kanuni ya Pythagoras, Mgiriki wa kale: ulalo mara ulalo ni sawa na upande mmoja mara wenyewe, jumlisha wa pili mara wenyewe. Niliisoma shule ya msingi, kwa Kiswahili. Wababeli waliitumia zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa, na wameacha kibao cha udongo kinachotafuta pande za mstatili kutokana na ulalo na eneo lake. Nani basi wa kukwambia haikuhusu?

Jamani, tuache kununua ardhi kwa macho. Mtu anauza viazi vya msimu mzima, halafu anapokea vipimo kwa mdomo! Pima, andika, piga hesabu mwenyewe. Hata ukiwa na mzunguko tu na ulalo, eneo linapatikana: nusu ya mzunguko izidishe kwa yenyewe, toa ulalo mara ulalo, gawa kwa 2. Kwangu, 28 mara 28 ni 784, toa 400, nusu yake 192.

Nawe wa Makambako, usisahau ulalo wa pili. Ukitofautiana na wa kwanza, hicho si mstatili na hesabu hii haikufai. Mwite mpima ardhi kabla hujatoa hata mia.