Boti ya kibanda kwa familia hapa Mtwara: futi 17 au 21?

Kaka, unatafuta boti ya kwenda kuvua na familia; kati ya hizo mbili ulizoonyeshwa, mimi ningechukua ya futi 21 yenye kibanda kifupi. Ile ya 17 yenye kibanda kirefu achana nayo. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likikaza Juni na Julai, kibanda kirefu juu ya boti fupi ni tanga usiloweza kulishusha: mmetia nanga mvue, boti inalala huku na huku, watoto wanatapika hata changu mmoja hajapanda.

Kibanda kinatosha kikificha watu wawili watatu na jua na manyunyu, ila nahodha aone mpaka nyuma. Tezini, yaani nyuma ya boti, pawe wazi, ndiko mtakakotupa mishipi.

Kabla ya kulipa, gongagonga tezi kwa mpini wa kisu pale injini inapofungwa. Ikilia kavu, sawa. Ikitoa sauti butu, plaiwudi ya ndani imelewa maji, na punguzo lolote la bei utakalopewa utalilipa kwa fundi.

Injini, Yamaha ya nguvu farasi 40 ya viharusi viwili (two-stroke) inakunywa petroli kweli, lakini mafundi wa pwani wanaijua. Kwa boti hiyo ya futi 21 ningependa ya 60.

Ghuba ya Mikindani inawatosha kuanzia. Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari, uliza masharti yao kwanza. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nayo usiidharau: maji yakipwa boti nzito inakaa mchangani, mtasubiri mpaka yajae. Usajili wa boti ni TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini; leseni ya uvuvi anzia halmashauri. Na majaketi okozi ya watoto yawe saizi yao, siyo ya baba.