Mabua yapite kwa ng'ombe kwanza, ndipo yaende kwenye mtambo wa biogesi

Wafugaji wanaoniuliza habari za biogesi, gesi ya kupikia inayotokana na samadi, huanza karibu wote na swali moja: nina mabua ya mahindi yamejaa shambani, niyatie mtamboni? Huwa nawaambia, mpe ng'ombe ale, wewe utie samadi yake. Mabua makavu yana nyuzi ngumu ambazo bakteria hawaziwezi. Huelea, huganda ukoko juu ya tope la samadi mtamboni, na gesi hunasa chini yake. Kuuvunja ukoko huo ndani ya kuba la mtambo lililofukiwa ardhini ni kazi nzito kwelikweli. Mabua aliyoyabakiza ng'ombe yalaze kwenye shimo la mboji, uyamwagie tope linalotoka mtamboni.

Kule Hale, Tanga, taka za mkonge zimewahi kuzalisha umeme kwa njia hii hii. Lakini angalia: korona, mashine ya kuchakata mkonge, ilikuwa imeshazitoa nyuzi, ikabaki nyama laini ya jani. Hiyo ndiyo taka bakteria wanayoitaka.

Shambani kwako basi, tafuta vitu laini: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, maparachichi yaliyooza, maganda mabichi ya kahawa. Yakate madogo na yawe nyongeza tu juu ya samadi. Hapa ndipo naomba sana uwe na subira, kwa sababu mtambo ni tumbo. Ukimwaga ndoo kadhaa za matunda kwa siku moja, bakteria wa asidi huwatangulia wale wa methani, gesi inayowaka, tope linachachuka. Utajua jikoni: moto unafifia, unazimika, kaboni dioksidi imezidi. Ukifika hapo, acha kulisha siku kadhaa, kisha rudi na samadi mbichi tupu, kidogo kidogo, mpaka moto wa buluu urudi.

Samadi yenyewe changanya ndoo kwa ndoo na maji, ukoroge mpaka mabonge yaishe. Toa mchanga, maana ukishatuama chini hautoki, na kila mwaka unakupunguzia nafasi. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki, samadi yake iende kwingine. Maji ya sabuni na ya dawa ya kupe yasisogee kabisa. Yanaua bakteria wale wale unaowafuga.

Gesi ya kwanza baada ya kujaza mtambo usiijaribu kwa kiberiti. Imechanganyika na hewa na inaweza kulipuka, kwa hiyo iachie nje. Sehemu za baridi, kama miteremko ya Meru, ngoja zaidi, kwani bakteria hawa huchangamka kwenye nyuzi joto 35 hivi.

Na moto ukianza kurukaruka ilhali tope liko sawa, usimlaumu fundi. Gesi hutoka na mvuke, ukipoa unakuwa maji ndani ya bomba. Fungua koki ya chini, yatoke.