Seva za kila aina, skripti moja: plagini zigawanywe kwa mfumo au kwa kazi?

SWALI

Shikamoo kaka. Niko Moshi, nasimamia seva za wateja wetu: shule mbili, hoteli kadhaa na ghala moja la kahawa. Jumla ni seva 19. Nyingi ni Ubuntu, tano ni Windows Server, moja ni CentOS 7 ya zamani, na kila kituo kina ruta ya MikroTik ambayo nayo naichukulia bakapu. Miaka mitano iliyopita niliandika skripti ya Python ya kuchukua bakapu, kusasisha vifurushi, kuwasha upya huduma zilizolala na kuangalia nafasi ya diski. Ilianza na mistari 300, leo imefika 4,200, na kila unapoifungua unakutana na "kama ni Ubuntu fanya hivi, kama ni Windows fanya vile". Mwezi uliopita nilirekebisha kitu cha Windows nikavunja bakapu za Ubuntu, na siku tatu zikapita sijui. Rafiki mmoja ananiambia niigawanye iwe plagini (vipande vinavyojitegemea), mwingine anasema niitupe nitumie Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Nianzie wapi? Na plagini iwe moja kwa kila mfumo, au moja kwa kila kazi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa siku tatu hizo. Msimbo wako umekuwa makande: huwezi kuchota harage bila kuja na hindi. Kuugawanya ni sahihi. Ila kabla ya kuuliza ukate kwa mfumo au kwa kazi, kuna jambo linaloamua kama utapona au utahamisha tu ugonjwa kutoka faili moja kwenda mafaili kumi. Jambo hilo ni mkataba: maneno ambayo kiini (sehemu ya kati inayoziita plagini) na plagini wanaruhusiwa kuambiana. Nitalieleza kwa kosa langu mwenyewe.

Niliwahi kuwa na chombo kama chako hapa Arusha, kikihudumia kampuni moja ya utalii. Kiini changu kilikuwa na sheria niliyoiona ya busara kabisa: amri ikirudisha 0 imefaulu, ikirudisha namba nyingine yoyote imeshindwa. Kwa seva za Linux sikuwahi kuijutia. Kisha nikaongeza plagini ya Windows iliyonakili mafaili kwa robocopy, amri ya kunakili ya Windows. Robocopy ina tabia zake. Ikirudisha 0 inamaanisha hapakuwa na faili la kunakili, 1 inamaanisha mafaili yamenakiliwa salama, na ni kuanzia 8 ndipo kuna kitu kimeshindwa. Kwa hiyo usiku ambao watu wa bukingi walikuwa wameshinda wakifanya kazi, simu yangu ililia saa nane: BAKAPU IMESHINDWA. Jumapili ambayo hakuna aliyegusa kitu, kimya. Baada ya wiki mbili mhasibu wao akauzima ujumbe ule kwenye simu yake, na mimi, niseme ukweli, nikawa naufuta bila kuusoma. Siku diski ya bakapu ilipojaa kweli, ujumbe uliokuja ulikuwa uleule.

Nilikuwa na plagini, zimepangwa vizuri kila moja na folda yake, lakini kiini bado kilikuwa kinafikiri kwa Kilinux. Folda hazikunisaidia kitu. Kilichotakiwa ni plagini ya Windows ipokee ile 1, iielewe, kisha ikiambie kiini kwa maneno yanayofanana kwa mifumo yote: "nimebadilisha", "ilikuwa sawa tayari", au "nimeshindwa, sababu ni hii". Namba ghafi iende kwenye logi kwa ajili ya wewe kusoma, isifike kwenye maamuzi.

Sasa swali lako. Plagini kama kifurushi cha kusambaza, gawanya kwa mfumo. Ndani yake, kila kazi iwe na faili lake. Sababu ni kwamba bakapu ya Windows na huduma za Windows hujaribiwa kwenye mashine ileile, huingia kwa mlango uleule (WinRM, njia ya Windows ya kusimamiwa kwa mbali, kwenye bandari 5985 au 5986, au SSH kama umeiwasha), na mara nyingi huharibika kwa pamoja. Ukigawanya kwa kazi, plagini ya bakapu itakuwa na Ubuntu, Windows na MikroTik ndani yake, na ile mistari ya "kama ni Windows" itakuwa imehama nyumba tu.

Ila usidanganyike na neno mfumo. Ubuntu na Debian si plagini mbili. Zote zinatumia apt kusakinisha vifurushi, zote systemd kuendesha huduma. AlmaLinux, Linux nyingine, ni systemd vilevile lakini vifurushi ni dnf, na Apache, programu ya kuhudumia tovuti, ambayo Ubuntu huiita apache2 kule inaitwa httpd. Kinachotofautiana ni zana, wala si jina lililoandikwa kwenye CD. Mimi ningekuwa na plagini moja ya Linux yenye vipande vya ndani: kimoja cha systemd, kimoja cha apt, kimoja cha dnf, kisha ichague yenyewe kwa kusoma /etc/os-release, faili linalotaja mfumo wa mashine. Angalia mstari wa ID, na ukikuta jina geni angalia ID_LIKE: Ubuntu hujitaja kuwa ya ukoo wa debian, AlmaLinux hutaja rhel. Siku mteja atakapokuletea Linux Mint hutaandika kitu.

Kwenye kiini kibaki kile kisichojali mashine ni ya aina gani: orodha ya seva, ratiba, kuhesabu umri wa bakapu ya mwisho, kutuma ujumbe, kuandika logi. Hiyo ya umri wa bakapu ndiyo ingekuokoa. Kiini kisisubiri kuambiwa bakapu imeshindwa. Kijiulize kila asubuhi: seva hii bakapu yake mpya kabisa ina saa ngapi? Zikizidi 26, piga kelele, hata kama plagini imesema kila kitu kiko shwari. Plagini iliyokufa haitoi taarifa ya kifo chake.

Mkataba wenyewe uwe mfupi. Wangu wa sasa una maneno matatu. La kwanza ni "naweza": plagini inaorodhesha kazi inazozimudu, kwa sababu MikroTik haitasasisha vifurushi kwa apt na hakuna haja ya kuilazimisha irudishe uongo. La pili ni "hali": nieleze kitu hiki kikoje sasa, bila kugusa chochote. La tatu ni "weka": hakikisha kimekuwa hivi. Kiini kiseme "huduma ya tovuti iwe inafanya kazi", kisiseme "washa apache2". Ukiona jina la amri au njia ya faili kwenye kiini, ujue kuna kitu kimevuja.

Kuhusu kuanza: usiandike upya. Najua mkono unawasha, nami niliwahi kuandika upya, nikapoteza miezi minne na bado skripti ya zamani ndiyo iliyokuwa ikichukua bakapu. Kwanza ongeza swichi ya "onyesha tu", ambayo inafanya skripti yako ya sasa iandike kila amri ambayo ingetekeleza kwa kila seva, bila kuitekeleza. Hifadhi matokeo ya seva zote 19 kwenye mafaili. Hilo ndilo pima-maji lako. Kila ukikata kipande, endesha tena na ulinganishe kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za mafaili mawili. Ukigusa Windows na faili la Ubuntu likabadilika hata mstari mmoja, simama hapo hapo.

Kisha kata kazi moja tu, bakapu, kwa mifumo miwili kwa wakati mmoja: Ubuntu na Windows. Kwa nini miwili? Mkataba uliotungwa ukiangalia mfumo mmoja hutoka umefanana na mfumo huo, kama ile sheria yangu ya 0. Vikishakubaliana hivyo viwili, huduma na diski utavimaliza haraka, na MikroTik itaingia yenyewe. Kumbuka tu kwamba RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, haina Python ndani yake, kwa hiyo plagini yake itakimbia kwenye mashine yako ya usimamizi na kuongea na ruta kwa SSH.

Namna ya kuzipakia, usijisumbue. Python tangu 3.8 ina importlib.metadata inayoweza kugundua plagini zilizosakinishwa kama vifurushi, lakini kwa plagini tatu, folda moja na orodha iliyoandikwa kwa mkono inatosha. Yasiyo na mjadala ni mawili. Kila plagini itaje toleo la mkataba inaoufuata, na kiini kikatae isiyolingana kwa kelele. Pili, plagini moja ikianguka, kiini kiendelee na seva za nyingine.

Vyombo vikubwa vya kusimamia seva navyo vimepita njia hii. Terraform ilitoa plagini zake nje ya kiini mwaka 2017 kwenye toleo 0.10, na kila moja hukimbia kama programu ya peke yake. Puppet 6 ya mwaka 2018 ilihamisha sehemu kadhaa kwenda kwenye moduli za pembeni. Ansible hadi 2.9 ya mwaka 2019 ilikuja na maelfu ya moduli kwenye mzigo mmoja, kiasi kwamba marekebisho madogo ya kifaa fulani yalisubiri toleo la Ansible nzima. Kuanzia 2.10 ya mwaka 2020 zikagawanywa kwenye makusanyo, na moduli iliyoitwa win_service ikawa ansible.windows.win_service. Walichofanya vizuri ni kuacha majina ya zamani yakielekeza kwenye mapya. Nawe fanya hivyo, maana nina hakika kuna cron (kazi ya ratiba) mahali fulani inayoita skripti yako kwa jina ambalo umeshalisahau.

Je, uhamie Ansible? Kwa vifurushi na huduma, ndiyo, ningehamia, na hata usingeziandikia kazi hizo mbili chochote kwenye plagini zako. Bakapu na ukaguzi wa umri wake ningebaki navyo mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo unapojua mambo ya wateja wako ambayo hakuna moduli inayoyajua. Rafiki zako wote wawili wako sahihi nusu nusu.

CentOS 7 usiiandikie plagini nzuri. Huduma yake ilikoma tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo msimbo wake uwekee folda yake peke yake hivyo hivyo ulivyo, hata kama unatia aibu. Siku seva hiyo itakapozimwa utafuta folda nzima kwa amri moja, kitu ambacho kwenye mistari 4,200 hungethubutu.

La mwisho hukuuliza, lakini umetaja MikroTik. Kama kuna ruta ulizohamisha kutoka RouterOS 6 kwenda 7, fungua leo bakapu ya mojawapo uliyoitoa kwa /export (amri inayoandika mipangilio ya ruta kama maandishi), utafute nywila ya PPPoE, ile ambayo ruta huitumia kuingia kwa mtoa huduma wa intaneti. Toleo la 6 liliziandika nywila lenyewe, la 7 huzificha mpaka uongeze show-sensitive. Huenda una miezi ya bakapu ambazo hazitairudisha ruta hewani. Ukiongeza neno hilo, weka faili kwenye ruhusa 600 (mwenye faili pekee ndiye asome na kuandika), na tofauti hiyo ya 6 na 7 iandike ndani ya plagini ya MikroTik, kiini kisiijue.