Ukienda mapango ya Umatumbi, panga safari kwa maji

Wanaotaka kwenda kuona mapango ya Umatumbi huniuliza habari za popo, nyoka na giza. Maji hawaulizi kabisa, na maji ndiyo yanayoamua kama utafika, kama utaingia, au utaishia njiani. Nimevitembea vilima vile kiangazi na masika, na kwenye maziwa ya Rutamba pia nimezunguka, kwa hiyo haya ninayoyasema nayajua kwa miguu.

Kwanza uielewe ardhi. Vilima vya Matumbi viko Wilaya ya Kilwa, na eneo la mapango ni mawe ya chokaa. Mvua ikipita hewani na kuzama kwenye udongo wenye majani yaliyooza, inabeba hewa ya ukaa na kuwa na uchachu kidogo sana. Mawe mengine uchachu huo hayausikii, ila chokaa inayeyuka. Ufa mwembamba unapanuka miaka nenda miaka rudi, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa pango. Ndiyo maana maji hayakai juu. Kijito kinaweza kuzama kwenye shimo mbele ya macho yako, kikaibukia bondeni kama chemchemi, tena upande ambao hukuutazamia. Unatembea juu ya maji, na koo limekauka.

Basi beba yako. Lita tatu kwa mtu mmoja kwa kutwa si nyingi kwa joto la Kilwa, na usikubali kuambiwa mtafute mbele kwa mbele. Chemchemi zipo, lakini anayejua ipi bado inatoa maji mwezi wa Oktoba ni akina mama wanaoteka hapo, wala si ramani ya simu. Ukikutana nao na ndoo zao, salimia, uliza.

Na hata ukiyapata, usiyanywe hivihivi. Nalikazania hili kwa sababu maji ya chemchemi za chokaa huwa meupe pee, mtu anayaangalia na kuyaamini. Maji yanayopita kwenye mchanga huchujwa polepole. Kwenye chokaa yanateremka kwenye nyufa kwa kasi, kama yapitayo kwenye bomba, kwa hiyo cha chooni au zizini kule juu kinaweza kutokea huku chini hakijachujwa. Chemsha, au tia dawa ya kutibia maji. Sufuria itabaki na ukoko mweupe na sabuni itakataa kutoa povu. Hiyo ni chokaa tu, haina neno.

Njia ni hii: ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Lindi unashuka Njia Nne, kisha gari au bodaboda hadi Kipatimu. Kuanzia hapo unatafuta wenyeji. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei, na udongo wa vilimani ukilowa bodaboda inageuka mzigo wa kusukuma. Asiyeamini akumbuke Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama. Kama barabara ya lami ilikatika, njia ya pango itakuwaje?

Juni na Julai zina karaha yake: upupu. Maganda yake yanakauka kando ya njia, na upepo kidogo tu unatosha. Vaa mikono mirefu na suruali ndefu hata kama jua linakuchoma. Ukikupata, usijikune, wenyeji watakusugua kwa majivu. Mimi, kama ningeambiwa nichague mwezi, ningesema Septemba.

Ukifika kijijini usikimbilie pangoni. Nenda ofisi ya kijiji, onana na mtendaji, uandikwe kwenye kitabu cha wageni. Kisha kuna wazee. "Shikamoo mzee, tumekuja kuomba kuliona pango," halafu kaa usikilize. Baadhi ya mapango ni mahali pa tambiko, na ukiambiwa hapa vua viatu au leo hapaingiwi, ndiyo hivyo, usianze kubishana bei. Historia ya pale si ya mbali. Nandete, kwenye vilima hivihivi, ndiko watu walikong'oa pamba ya Wajerumani Julai 1905 na Vita vya Majimaji vikaanza. Wenyeji watakusimulia jinsi watu walivyojificha kwenye pango la Nang'oma wakati wa vita hivyo. Ukiuona ukubwa wa ukumbi wake utaelewa kwa nini.

Sasa ndani. Kila mtu awe na tochi mbili, moja iwe ya kufunga kichwani ili mikono ibaki huru. Raba zenye meno, maana nje mawe ya chokaa yanakata na ndani kinyesi cha popo kinateleza. Halafu, kabla ya kwenda mbali, mulika kuta. Ukiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye nyufa juu ya kichwa chako, ujue maji yalifika pale. Mvua ikinyesha kilimani, hata kama mlangoni kuna jua, maji yanaweza kukukuta ndani. Wingu zito likionekana popote, hamwingii. Kwa hili sina subira na mtu anayesema "dakika kumi tu".

Popo usiwashike wala usiwasumbue, funika pua na mdomo, na ukitoka nawa mikono kabla ya kula. Virusi vya Marburg vilivyoua watu Kagera mwaka 2023 makazi yake ni popo wa matunda wanaolala mapangoni. Mawe yanayoning'inia kutoka darini nayo yaache. Yamejengwa tone kwa tone, na kipande ulichokivunja hakitarudi maishani mwako.

Rutamba ni safari nyingine, magharibi ya Lindi mjini, na nyepesi zaidi kwa miguu. Kuna ziwa, kuna msitu wa hifadhi wa Litipo, ambamo anaishi komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, uzito wake gramu 60 hivi. Anatoka usiku, kwa hiyo kibali na mwenyeji unavitafuta mchana kwa maofisa misitu. Ziwani usitie mguu. Kichocho hakionekani kwa macho, na ziwa lolote la kusini lihesabu kuwa lina viboko na mamba mpaka wavuvi wenyewe wakwambie vingine.

Malipo ya mwongozaji mkubaliane kabla ya kuondoka kijijini, mbele ya mtendaji, na mchango wa kijiji udai risiti. Ajirini pia kijana wa pili wa kubaki nje mlangoni pa pango akiangalia mawingu. Wageni wengi humwona kama gharama ya bure. Mlipe sawa na yule anayeingia nanyi.