WAZEE imekataliwa, MZEE ikapita: sababu ni hii

Salama ndugu. Umeuliza kwa nini WAZEE ilipingwa kwenye Scrabble yenu (mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno ya Kiingereza) huko Kondele ilhali MZEE ilipita. Kwanza angalieni mnachezea orodha gani ya maneno yanayoruhusiwa: ya Collins, kamusi ya Uingereza, inaikubali MZEE, ya Marekani haiitaki kabisa. Ila Collins imelichukua neno kama la Kiingereza, kwa hivyo wingi wake ni MZEES. Ngeli wametuachia wenyewe!

Mimi huitoa nikibanwa na Z na irabu ni E tupu. M 3, Z 10, E mbili 2: jumla alama 15. Z ikiangukia mraba wa herufi mara tatu, unapata 35. Lakini chunga nafasi ya S mwishoni. Mpinzani mwenye S ataiongeza iwe MZEES, azoe alama za neno lako upya, na za neno lake juu. UGALI na MATATU pia hupokea S.