Hesabu Dohani Kwanza: Ushauri kwa Wanaokusanya Picha za Vita vya 1914

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale picha ya manowari ambayo nyuma yake paliandikwa kwa wino wa buluu: "Königsberg, Rufiji, 1915". Bei ilikuwa kubwa, lakini muuzaji aliniambia kwamba picha ya aina hiyo haipatikani tena, na mimi kwa tamaa yangu sikuuliza swali la pili. Niliitia fremu, nikaitundika sebuleni, nikawa nawaonyesha wageni kwa karibu mwaka mzima. Kisha siku moja mtoto wa mdogo wangu, akiwa amesimama mbele ya ukuta ule na kikombe cha chai mkononi, akaniuliza, "Baba mkubwa, mbona hii ina mabomba mawili ya moshi, na ile pale ina matatu?"

Nilikosa la kujibu. Picha ya pili, ambayo ilikuwa nakala tu kutoka nyaraka za Ujerumani, ilionyesha Königsberg ya kweli: meli nyembamba iliyoshushwa majini mwaka 1905, yenye dohani tatu, milingoti miwili na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ile niliyoilipia ilikuwa na dohani mbili na minara mikubwa yenye mizinga mitatu mitatu, jambo ambalo nilikuwa nimelitazama kila asubuhi bila kuliona. Ilikuwa Königsberg nyingine kabisa, iliyoshushwa majini mwaka 1927 na kuzamishwa Bergen, Norwe, mwezi Aprili 1940, ambayo haihusiani kwa lolote na mikoko ya Rufiji. Wajerumani, kama wanamaji wa nchi nyingine, hurithisha majina ya meli zao, na mtu aliyeandika maelezo yale alilijua jina lakini hakuijua meli.

Kosa hilo ndilo lililonifundisha kuisoma picha kabla ya kuyasoma maelezo yake. Siku hizi nikipewa picha ninayafunika maandishi kwa kipande cha karatasi, nachukua kioo cha kukuzia, na kuandika katika daftari yale tu ninayoyaona: idadi ya dohani, milingoti, mizinga inayoonekana, umbo la omo (sehemu ya mbele ya meli), watu waliopo na walivyovaa, na kilichopo nyuma ya meli. Hapo tu ndipo ninaifunua karatasi na kulinganisha. Kwa Königsberg ya Rufiji, mandhari husaidia sana. Tangu ilipojificha katika delta baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, meli hiyo haikurudi tena baharini. Kwa hiyo picha inayoionyesha ikikata mawimbi kwa kasi, au ikiwa imetia nanga mbele ya majengo ya ghorofa, inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini haiwezi kuwa ya Rufiji. Yenyewe mle mtoni ilifunikwa matawi ya miti ili isionekane, na nyuma yake panapaswa kuwa na mikoko.

Jambo linalowapoteza hata wazoefu ni bendera. Picha nyingi za wakati ule zilipigwa kwa mabamba ya kioo au filamu ambazo hazikuuhisi vizuri mwanga mwekundu, hivyo rangi nyekundu hutokea karibu nyeusi, huku buluu ya anga ikitokea nyeupe. Bendera ya jeshi la majini la Uingereza ni nyeupe yenye msalaba mwekundu. Ya Ujerumani ya wakati huo ilikuwa nyeupe yenye msalaba mweusi. Katika picha ya zamani misalaba yote miwili ni myeusi. Nimewahi kuona picha ikiuzwa kama ya meli ya Kijerumani kwa sababu ya msalaba huo pekee. Tazama katikati ya msalaba: bendera ya Ujerumani ina duara lenye tai. Tazama pia kona ya juu karibu na mlingoti, ambako Waingereza wana Union Jack, bendera ya taifa lao, na Wajerumani walikuwa na mistari mitatu. Kama bendera imekunjwa na upepo na sehemu hizo hazionekani, andika kwamba haijulikani, usiilazimishe.

Mizinga nayo haitaki kukisiwa kwa macho. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi kutoka kwenye meli iliyozama, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam na kuipeleka vitani nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na karibu yake upo mzinga wa Pegasus, maadui wawili wamewekwa pamoja. Wa Kijerumani una kipenyo cha milimita 105, wa Kiingereza milimita 102 hivi. Tofauti ni ya milimita tatu, nami sijapata kukutana na mtu anayeweza kuziona milimita tatu katika picha ya mwaka 1916. Na mzinga unaweza hata usiwe mzinga: meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, ilifungwa mzinga mmoja wa Königsberg katika Ziwa Tanganyika, lakini mzinga huo ulipohitajika kwingine, palisimamishwa wa mbao mahali pake ili kuwahadaa Wabelgiji na Waingereza. Picha ya sitaha ya Goetzen yenye silaha huenda inaonyesha kazi ya seremala.

Kuhusu ndege, uchache wake ndio msaada wetu. Waingereza walizileta Rufiji ndege za majini ili kuitafuta Königsberg, kwanza wakitumia kisiwa cha Nyororo na baadaye Mafia yenyewe, ambayo waliiteka Januari 1915. Zilisumbuliwa mno na joto. Gundi na mbao zilijikunja, na nyingine zilishindwa kupaa zikiwa na mzigo. Wabelgiji nao walirusha ndege za majini aina ya Short juu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1916 na kuishambulia Kigoma. Ukiona maboya mawili marefu chini ya ndege ya mabawa pachapacha, una mahali pa kuanzia. Lakini ukiletewa picha ya puto kubwa la Kijerumani la kijeshi "likiwa juu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani", irudishe. Puto hilo, L 59, liliondoka Jambol, Bulgaria, Novemba 1917 likimpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, dawa na risasi, likaamriwa kurudi lilipokuwa juu ya Sudan, na likatua lilikotoka baada ya saa 95 angani. Huku halikufika.

Baada ya picha yenyewe, ichunguze karatasi yake. Mimi hutumia taa ya zambarau, ile ile ambayo wenye maduka huitumia kukagulia noti bandia. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali ya kuzing'arisha katika miaka ya 1950, kwa hiyo picha inayowaka buluu chini ya taa hiyo haikusafishwa wakati wa vita, hata kama kilichomo ni cha vita. Karatasi isiyowaka haithibitishi chochote, kwani zipo mpya zisizowaka. Halafu tumia kioo cha kukuzia: ukiona vidoa vya wino vilivyopangwa kama chandarua, hiyo imekatwa kitabuni au gazetini.

Kabla ya kutoa fedha, tafuta kwanza bure. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani iliiruhusu Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, kuweka makumi ya maelfu ya picha zake, zikiwemo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa hapa enzi za Wajerumani. Nambari za picha zake huanza na "Bild 105-DOA". Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha nyingi za makoloni, na majumba ya Imperial War Museums ya Uingereza yana za upande wa pili. Mara mbili nimezikuta huko picha ambazo muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ni za pekee duniani. Ukizitumia picha za Hifadhi ya Ujerumani zilizoko Commons, taja jina la mpiga picha na la hifadhi, kwa sababu ndiyo sharti la leseni yake.

Ukiwa katika nyaraka hizo utaona pia kasoro ambayo hakuna taa ya kuiponya. Mara nyingi maelezo humtaja Mzungu kwa jina na cheo, na Waafrika wanaomzunguka kwa neno moja tu, "askari" au "wapagazi". Mizinga ile haikujiburuta yenyewe kutoka Rufiji; ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Kama una picha ya babu yako na bado yupo ndugu anayemtambua, andika jina lake leo.

Liandike kwa penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Wino hupenya, na gundi ya albamu zile za plastiki hula picha taratibu. Usiipeleke kutiwa plastiki ya moto, kwa maana haitatoka tena. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu: zangu nimezitenganisha kwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku lililo mbali na ukuta wa nje, na kabla ya kuzifunga nilizipitisha kwenye skana pande zote mbili, kwa sababu upande wa nyuma nao ni ushahidi, hata unapodanganya.

Ile picha yangu ya dohani mbili sikuitupa. Niliitoa kwenye fremu, na chini ya wino wa buluu nikaongeza kwa penseli: "Si ya Rufiji. Ni meli ya 1927." Nikaandika na bei niliyoilipa.