Kabla hujaifungia bagi yako injini nyengine

Bagi nyingi, vile vigari vya wazi vya kuzungushia wageni, ninazoletewa hapa Wete, Pemba, zimeshakula chumvi ya Unguja. Zimezungusha wageni Nungwi, Jambiani na Kizimkazi mpaka zikachoka, mwenyewe akaziuza kwa bei ya kutupa, kijana wa huku akapakia moja melini akashuka nayo Mkoani. Inapanda mlima wa kwanza, wa pili inagoma. Hapo simu yangu inalia: "Ami, nitafutie mashine kubwa, hii haifai."

Namwambia ailete kwanza niitazame, kwa sababu mara nyingi iliyokufa si injini. Bagi hizi za Kichina za cc 150 hubeba GY6, ile ile ya skuta. Ubavuni utakuta imepigwa chapa 157QMJ, na hiyo 57 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Haina gia za kubadilisha. Nguvu inapita kwenye mkanda wa mpira uliofungiwa ndani ya boksi la upande wa kushoto. Mkanda ukila maji ya tope au ukachakaa, injini inalia sana na bagi haiendi. Wenyewe husema mashine imeisha nguvu. Fungua boksi, utazame mgongo wa mkanda. Injini ya boksi refu huvaa 842-20-30, yaani urefu milimita 842, upana 20, pembe digrii 30. Ukikuta 743-20-30, ujue ni ya boksi fupi. Ukinunua kwa kukadiria macho utarudi dukani.

Kuna ugonjwa mwengine wa GY6: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Valvu zimekaza hizo. Chukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, rejesha nafasi ya valvu kwenye kama sehemu moja ya kumi ya milimita, injini ikiwa baridi, kisha jaribu tena. Nimewarejesha vijana kadhaa nyumbani na injini zao zile zile, wengine wamenuna kwa sababu walishajipanga kwa mashine mpya.

Haya, tuseme imekufa kweli. Pistoni imekwaruza silinda, au beringi za krenki zinalia na bei ya kuzifufua haina maana. Sasa uchague. Na hapa tunagombana sana, maana kila mtu anauliza cc. Mimi nauliza mambo mawili: itapoaje, na spea zake nitazipata wapi siku ya Jumapili? Pemba si Kariakoo. Kitu kisichopatikana Chake au Wete kinasubiri meli, na bagi inakaa juu ya matofali.

Watu huniletea injini za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya pampu ya maji na jenereta, Honda GX au nakala zake. Ya pili ni ya bodaboda, cc 125 mpaka 200. Ya tatu ni ya bajaji.

Ya bajaji niimalize haraka. Inavutia kwa sababu ina rivasi yake na feni yake ya kupoza. Lakini haikutengenezwa izungushe cheni. Gia na diferensho vimo ndani ya mwili mmoja, na nguvu inatoka kwa shafti mbili, moja kila upande. Ukiitaka lazima ubebe na miguu ya nyuma ya bajaji, ukate chasisi ya bagi nyuma yote na uijenge upya. Kama unayo karakana na muda, endelea. Mteja wa kawaida namkatalia.

GX ni mashine ya watu watulivu. GX200 ina cc 196, GX390 ina cc 389, na zote zina feni juu ya gurudumu la magneti, kwa hiyo bagi ikisimama au ikitambaa, hewa inapita. Hilo peke yake linanifanya niipende kwa milima yetu. Spea za nakala zake zipo, maana wakulima wa mabonde ya mpunga na mafundi wa zege wanazitumia. Ila zina masharti.

Sharti moja ni upande wa kuiweka. Ukiitazama GX kwa mbele ya shafti yake, inazunguka kinyume cha saa. Basi shafti lazima ielekee kushoto kwa dereva. Ukiielekeza kulia kwa sababu nafasi ya kulia ni kubwa, bagi yako itarudi nyuma ukikanyaga mafuta, na hakuna kigeuzi cha kukuokoa isipokuwa kuongeza shafti ya kati yenye gia za meno.

Sharti jengine ni kuilaza. Ndani hakuna pampu ya oili. Kuna kijiko kinachorusha oili juu. Watengenezaji wameweka mpaka wa mwinamo wa digrii 20. Nimeona mtu kaiinamisha injini ili cheni ikaze, badala ya kutoboa matundu marefu kwenye bamba. Akianza safari tayari ameshatumia nusu ya hizo digrii, kisha anaingia mteremko wa udongo mwekundu huku bagi imelalia ubavu. Iweke sawa kwa pima-maji, na cheni uikaze kwa kuisogeza injini nzima.

La mwisho, gavana, kile kizuizi cha mizunguko. Injini hii imewekewa mizunguko 3,600 kwa dakika. Vijana huing'oa gavana ili ipige kelele zaidi. Mkono wa pistoni humo ndani ni wa aluminiamu, na gurudumu la magneti ni chuma cha kumimina, na vyote viwili viko nusu mita nyuma ya uti wa mgongo wako. Mimi kazi hiyo siifanyi hata kwa ndugu yangu.

Kwa kuwa mizunguko imefungwa, hesabu ya meno ya sproketi, yale magurudumu yanayovaa cheni, ni rahisi. Tairi la inchi 22 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 1.75. Injini ikipiga 3,600 na ukapunguza mara 8 mpaka kwenye ekseli, ekseli inazunguka mara 450 kwa dakika, mita 787 hivi, nayo ni kilomita 47 kwa saa. Kwa Pemba hiyo inatosha. Ukipunguza mara 6 tu utapata kilomita 63 kwenye karatasi, lakini mlimani injini itakaba na klachi itanuka. Klachi ya kujikamata yenyewe, ile ya ngoma, ndiyo inayoungua kwanza: ukipanda polepole na watu wawili inateleza tu bila kukamata, inageuka rangi ya samawati. Kama unaweza kupata ule mfumo wa puli mbili na mkanda unaojibadilisha, toa pesa ununue huo.

Sasa bodaboda, kwa sababu ndiyo wengi mnayoitaka. Injini za familia ya CG, zile zenye chapa 162FMJ au 163FML, zinajaa kila kijiji, na fundi yeyote anazijua akiwa amefumba macho. Zina gia tano, zina nguvu hata mizunguko ikiwa midogo, na zina kiki ya mguu betri ikifa. Lakini pikipiki ni kama kilo 120, na injini yake imekaa mbele ya upepo. Bagi ya watu wawili inapita kilo 200 kabla hujakaa, na injini umeificha nyuma ya viti. Unapanda kwa gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, na upepo wa bahari unakupiga mgongoni. Hewa inayozunguka mapezi ya silinda ni ile ile iliyokwisha pata moto. Dalili utaziona: nguvu inapungua katikati ya mlima, injini inagonga kama mtu anapiga sufuria, na ukitoa plagi, ncha yake ni nyeupe kama chokaa.

Watu hufunga feni ya rejeta ya gari. Inapoza, ila inakula umeme mwingi. Magneti ya bodaboda haiwezi kuilisha feni hiyo na taa kwa pamoja kwa muda mrefu, na usiku betri inakwisha njiani. Ninachofanya ni kukunja bati mbili, moja kila upande wa viti, zikusanye hewa pembeni na kuielekeza moja kwa moja kwenye kichwa cha silinda, na nyuma naacha wazi kabisa. Hapana mfuniko, hapana boksi la mizigo. Lakini ukiniuliza ninayoipenda kuliko zote, ni injini ya toyo ya mizigo, ile ya maji. Ni CG ile ile kwa ndani, spea nyingi zinaingiliana, ila ina rejeta na feni yake ndogo inayowaka yenyewe ikipata moto. Chukua na rejeta yake, mipira yake na tangi lake dogo. Hii ndiyo ninayomfungia mtu wa Konde au Mkoani anayepanda na kushuka kila siku.

Usidhani utapata na rivasi. Kwenye toyo nyingi rivasi imo ndani ya kiboksi cha nyuma, si kwenye injini, na bodaboda haina kabisa. Vipo viboksi vya rivasi vya kufunga katikati ya cheni, vinaagizwa. Anayebeba wageni simfungii injini bila hicho, kwani njia zetu za mashambani hazina pa kugeuzia. Mwenye bagi yake ya kujifurahisha, shauri yake, atashuka asukume.

Cheni ndiyo inayowachanganya wengi. Bodaboda huvaa 428, ambayo kutoka pini mpaka pini ni milimita 12.7. Bagi nyingi huvaa 520 au 530, ambazo ni milimita 15.875. Sproketi ya mbele ya bodaboda na ya nyuma ya bagi hazioani hata ukizibembeleza. Kuna wanaompelekea mchongaji ekseli awatengenezee kishikio cha sproketi ya nyuma ya pikipiki, wakatumia 428 kote. Kwa mzigo huu inavutika upesi. Afadhali utafute sproketi ndogo ya 520 kwa mbele, lakini pima kwanza shafti ya injini: huja kwa milimita 17 au 20, na sproketi ya moja haiingii kwenye nyengine. Meno ya mbele chukua machache, 13 au 14, nyuma makubwa kadiri ya nafasi.

Na mstari. Kaza uzi kutoka uso wa sproketi ya nyuma mpaka ya mbele. Uguse kote bila kupinda. Fanya hivyo injini ikiwa imeshikishwa kwa nukta za weldi tu, na kabureta, ekzosi na chujio la hewa viwepo mahali pake. Wapo wanaochomelea kabisa, kisha ndipo wanagundua ekzosi inagusa kiti. Kabla ya kuchomelea chomoa betri na CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, na ile klipu ya ethi iweke karibu na unapochoma, umeme usipite kwenye beringi.

Chujio la hewa lipandishe juu ya mabega. Micheweni vumbi la mawe linaingia kila tundu, na masika huku magharibi tope linaruka mpaka usoni. Ekzosi nayo ielekeze juu. Msimu wa karafuu pembezoni mwa njia zimeanikwa majamvi kwa majamvi, na ukimpulizia mama moshi na vumbi kwenye karafuu zake utayasikia yako.

Klachi ya mkono inabidi iwe pedali ya tatu au mkono pembeni ya kiti. Kwenye pedali, pima waya unavyovutwa: ukivuta kupita kiasi unapinda uma wa klachi ndani. Oili tia ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwani klachi inaoga katika oili hiyo hiyo. Oili nyingi za gari huifanya iteleze. Kwenye eksileta weka springi mbili za kurudisha, moja ikikatika nyengine iko. Umeme, usichanganye: CDI, koili, rejuleta na magneti vitoke kwenye chombo kimoja, na waya wake ukatwe mrefu. Swichi ya kuzima iwe mahali abiria pia anaifikia.

Breki sijazisahau. Zipo bagi zenye diski moja tu nyuma, juu ya ekseli. Ukiongeza mwendo, breki ni zile zile. Badilisha pedi na mafuta ya breki siku hiyo hiyo ya injini, na mteja akikataa gharama hiyo tunaachana hapo.

Halafu karatasi. Kama bagi imesajiliwa, nambari ya injini iliyomo kwenye kadi si ile uliyoifunga, na bima inasoma kadi. Wapelekee waliokusajili kabla hujatoka barabara kuu. Injini ya bodaboda niletee na risiti yenye nambari yake na jina la aliyekuuzia. Zipo zinazouzwa usiku kwa bei nzuri mno, na kijana mmoja aliniambia, "Ami, risiti nitaileta kesho." Injini imebaki kwenye gari iliyomleta.